Wadi Haina Mwandishi

Hilo tukio unalijua. Mgonjwa amelala ICU, mrija mdomoni, mashine inalia pii, pii, pii. Mkewe ameushika mkono wake, macho mekundu kwa kulia. Mara kidole kinatikisika. Kope zinafunguka. Muziki unapanda, daktari anatabasamu akiwa mlangoni, halafu majina ya waigizaji yanaanza kupita kwenye skrini. Grey's Anatomy imetupa tukio hili mara ngapi? Nollywood je? Na zile tamthilia za Ufilipino ambazo mama zetu hawakukosa hata siku moja? Tumelizoea hadi tunaamini ugonjwa huishia pale.

Sasa hebu tuiache kamera hapo siku tatu zaidi. Asubuhi moja nesi anasema, "Leo tunakupeleka wadi." Familia inashangilia, simu zinapigwa hadi ushago. Mhudumu anakuja, nyaya za kifuani zinabanduliwa mmoja mmoja, kitanda kinasukumwa kwenye korido, lifti, korido nyingine, kisha mlango wa wadi yenye vitanda pande zote mbili. Hakuna skrini yenye mistari ya kijani. Nesi wa zamu yupo, lakini ana watu wengi. Na mgonjwa, badala ya kufurahi, ameshikwa na hofu kubwa kuliko aliyokuwa nayo kwenye mashine.

Hadithi hii ya pili ni nadra mtu kuiandika. Nimekuwa nikiitafuta kwenye vitabu vya hapa na vya kwingine, na mara nyingi naona waandishi wakiipita wadi mbio, kama matatu inavyopita steji isiyo na abiria. Kwangu hilo ni pengo la usimulizi, na lina gharama. Wadi ndiyo mahali ambapo mgonjwa anaanza kugundua ni nini hasa kilimpata. Tukikosa hadithi ya wadi, watu wanaotoka ICU wanarudi kwetu bila maneno ya kusema walikokuwa.

Hofu yenyewe si kudeka. Wauguzi waliitambua zamani. Mwaka 1992 chama cha Marekani kinachoorodhesha matatizo yanayoshughulikiwa na wauguzi kiliingiza kwenye orodha yake msongo unaompata mtu anapohamishwa kutoka mazingira aliyoyazoea. Wagonjwa waliotoka ICU, katika nchi mbalimbali, husimulia mambo yanayofanana: kuhisi wameachwa, kutojua nani anawaangalia, kushangaa kwamba jana walikuwa mahututi na leo wanaambiwa wajigeuze wenyewe. Wengine bado wana mabaki ya ndoto za ICU, zile za kuona wadudu ukutani ama kuamini nesi anataka kuwaua, na hawajui ni lipi lilitokea na lipi halikutokea.

Fikiria hesabu tu. Uingereza, kipimo cha kawaida ICU ni nesi mmoja kwa mgonjwa mmoja aliye kwenye mashine ya kupumulia. Ukihamia wadi, nesi huyo sasa ni wa watu wengi. Mwongozo wa kitaifa wa huko, wa mwaka 2007, unasema mgonjwa asihamishwe kutoka ICU kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi iwapo inawezekana. Yaani hata mfumo wenyewe unajua kwamba safari ile ya korido ina hatari yake, na kwamba gizani ni mbaya zaidi. Sisi wasimuliaji ndio hatujashtuka.

Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu ICU inakupa ploti bure. Kuna mhusika mmoja kitandani, kuna saa inayokimbia, kuna swali moja tu: atakufa ama ataishi? Hata historia ya ICU ni tamthilia. Mwaka 1952 Copenhagen ilivamiwa na polio, na mashine za kupumulia zikawa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen akapendekeza wagonjwa wapumuliwe kwa mkono, kupitia mrija kooni. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakaitwa kwa zamu, mchana na usiku, kila mmoja ameketi kando ya kitanda akiminya mfuko wa hewa. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua kitengo ambacho wengi hukihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani. Kwa hivyo ICU ilizaliwa na picha hiyo: mtu mmoja, mkono mmoja, pumzi ya mtu mwingine. Nani anaweza kushindana na picha kama hiyo?

Wadi haina saa inayokimbia. Inapimwa kwa chai, kwa dawa za jioni, kwa mzee wa kitanda cha pili anayeita jina la mtu ambaye hajafika. Mambo makubwa ya wadi ni madogo: kuketi ukingoni mwa kitanda, kushika kijiko, kufika chooni bila kuanguka. Mwandishi anayetaka ploti ataona hakuna kinachotendeka. Mgonjwa atakwambia alichoka kwa siku nzima sababu ya kuketi dakika tano.

Kitabu kilichonionyesha kwamba jambo hili linawezekana ni cha Michael Rosen, Many Different Kinds of Love, kilichotoka 2021. Kama umesoma shule ya chekechea yenye vitabu vya picha, huenda unamjua Rosen bila kujua: ndiye aliyeandika We're Going on a Bear Hunt. Machi 2020, akiwa na miaka 73, alilazwa London akiwa na COVID. Alikaa ICU siku 48, na 40 kati ya hizo alikuwa amelazwa usingizi wa dawa. Kabla ya kulazwa usingizi huo, daktari alimwambia nafasi yake ya kuamka ni nusu kwa nusu.

Mwandishi mwingine angejenga kitabu kizima juu ya swali hilo la nusu kwa nusu. Rosen hakuweza, kwa sababu hakuwepo. Siku hizo hana kumbukumbu nazo. Anachofanya ni kuwaachia wengine kurasa. Kuna barua za mkewe, na kuna maandishi ya wauguzi waliokuwa zamu kando yake, kutoka kwenye daftari lililowekwa karibu na kitanda. Desturi hiyo ya daftari ilianzia nchi za Skandinavia miaka ya 1980: wanaomhudumia mgonjwa aliye usingizini humwandikia yeye mwenyewe, kwa "wewe", wakimweleza leo amefanyiwa nini, nani alipiga simu, hali ya hewa ilikuwaje. Siku akipata nguvu anapewa asome. Anajaziwa siku zilizopotea.

Halafu Rosen anaamka, anatolewa ICU, na kuanzia hapo kalamu inarudi mkononi mwake. Hapa ndipo kitabu kinapokuwa bora kuliko vingi vya aina yake, kwa sababu tatu.

Kwanza, umbo. Vipande ni vifupi, vingine mistari michache tu, na havishikani. Hakuna kinachosema "basi baada ya hapo." Nilipoanza kusoma nilidhani ni uvivu. Baadaye nikaona ndivyo akili ya mtu aliyetoka ICU inavyofanya kazi: inaamka, inaona kitu kimoja, inalala tena. Sentensi ndefu zenye "kwa hivyo" na "ingawa" zingekuwa uongo.

Pili, hakwepi aibu. Mwili wake hausimami. Miguu si yake. Mtu aliyezunguka shule akichekesha watoto kwa miaka mingi sasa anashangiliwa kwa kuketi. Jicho la kushoto na sikio la kushoto havijarudi sawa. Kisha anapelekwa hospitali nyingine ya kufundishwa kutembea upya, na anaipa fimbo yake jina, jina ambalo baadaye lilizaa kitabu cha watoto. Si ushujaa. Ni mtu anayefanya urafiki na fimbo kwa sababu bila hiyo ataanguka.

Tatu, anakubali kwamba hajui kilichompata. Anaambiwa alikaribia kufa, na anaipokea habari hiyo kama unavyopokea habari za jirani. Mshtuko unakuja polepole, kwa awamu, wakati kila mtu mwingine ameshamaliza kulia na kushukuru. Hilo ndilo wadi inalofanya, na sijaona mwandishi mwingine aliyelishika vizuri hivi.

Lakini nina ugomvi na kitabu hiki. Tazama nani anaandika wapi. Daftari ni la ICU. Kule, watu wanamwandikia. Akishavuka mlango, ni yeye peke yake na ukurasa. Wauguzi wa ICU wana sauti, wa wadi wanabaki kuonekana kwa mbali kupitia macho ya mgonjwa mchovu. Rosen halalamiki, kitabu chake ni cha shukrani tangu jalada, na shukrani hiyo ni ya kweli. Ila inafunika kitu. Upweke wa wadi upo katika muundo wa kitabu, lakini mwandishi haugusi moja kwa moja. Ukimaliza kusoma unabaki na upendo mwingi na swali moja halijaulizwa: mbona hakuna daftari upande ule wa pili wa korido?

Na kuna lingine, ambalo msomaji wa Nairobi analiona ukurasa wa kwanza. Kitabu kizima hakina bili.

Hapa kwetu huwezi kuandika ICU bila pesa, na huwezi kuandika safari ya kwenda wadi bila kuuliza kwa nini inafanyika. Watafiti waliohesabu mwaka 2020 walipata vitanda 537 vya ICU nchini Kenya, mashine 256 za kupumulia, na kaunti 22 pekee kati ya 47 zenye angalau kitengo kimoja. Kwa nchi ya mamilioni ya watu, kila kitanda kina mtu anayekingoja. Sasa jiweke kwenye kichwa cha mgonjwa anayeambiwa "umepata nafuu, unaenda wadi." Je, ni nafuu kweli? Ama kuna mtu yuko kwenye ambulensi chini? Ama familia imefika mwisho wa pesa na hakuna anayetaka kumwambia? Mtu anasukumwa kwenye korido akisoma nyuso. Ukiniambia hapo hakuna ploti, sijui ploti ni nini.

Binamu yangu alikaa ICU siku 11 baada ya ajali ya pikipiki. Tukizungumza leo, hataji ICU. Anataja usiku wa kwanza wa wadi, jinsi kimya kilivyomtisha. Kule juu alikuwa ameichukia ile mashine, kumbe ndiyo iliyokuwa ikimhakikishia kwamba bado yupo. Taa zilipokaribia kuzimwa alimwita nesi.

"Sista, naomba uiache taa."

"Pole kaka, wenzako wanataka kulala. Ukinihitaji niite tu."

"Na nikishindwa kuita?"

Nesi alivuta kiti, akakaa naye kidogo, kisha akaitwa kitanda kingine. Binamu yangu alikesha akihesabu pumzi zake mwenyewe, kazi ambayo siku 11 ilikuwa ya mashine. Asubuhi shangazi alipoingia na uji kwenye themosi, alimkuta analia. Shangazi akasema, "Mwanangu, si umepona? Mshukuru Mungu." Hakuwa na ubaya. Hilo ndilo neno tulilo nalo.

Lakini tusidanganyane kwamba Kenya hatuna daftari la mgonjwa. Tunalo, liko WhatsApp. Mtu akiingia ICU, kabla ya saa sita kupita kuna kundi limefunguliwa lenye jina lake na neno "bili", kuna mweka hazina, kuna nambari ya Paybill, kuna binamu wa Doha ambaye hamjaonana miaka kumi. Kila jioni kuna taarifa. Leo amefungua macho. Leo ametolewa mrija. Mungu ni mwema. Tumefika laki nne, tusichoke. Ni fasihi hiyo, na ningependa mhakiki mmoja aichukulie hivyo, kwa sababu ina mtindo wake, ina msimulizi wake anayejulikana kama admini, na ina msisimko wa kila siku.

Ukiliweka kando ya lile daftari la London utaona tofauti mbili. Nesi wa Rosen aliandika "wewe." Admini anaandika "yeye." Mgonjwa ni mhusika wa hadithi inayosimuliwa juu ya kichwa chake, kwa hadhira inayochanga. Taarifa lazima ziwe na matumaini kiasi cha kuwapa watu moyo na ziwe na hofu kiasi cha kuwafanya watume. Hapo hakuna nafasi ya kusema, "Leo ametutukana sote na kudai tumemteka." Tofauti ya pili ni kwamba kundi hunyamaza siku ya kuhamia wadi. Taarifa ya kuhama inapata mikono ya maombi mia moja, halafu siku tatu kimya, halafu mtu anatuma tangazo la kuuza ploti Kitengela. Kwa hadhira, hadithi imeisha. Mgonjwa yuko wadi, kwa mara ya kwanza ana nguvu ya kushika simu, anapandisha juu kusoma alivyokufa na kufufuka mbele ya watu 214. Hiyo hadithi fupi iko wapi? Naisubiri.

Kuna mwandishi wetu mmoja aliyejua wadi ni mahali pa hadithi, na alijua kwa sababu alifanya kazi humo. Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga kabla ya kuwa mwandishi na mbunge. Katika mkusanyiko wake wa 1968, Land Without Thunder, kuna "The Old White Witch", hadithi ya wauguzi wa hospitali ya misheni wanaokataa kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa. Matroni Mzungu anasema ni kazi ya uuguzi, wao wanasema ni kudhalilishwa. Ogot haoni haya kuweka kinyesi katikati ya ugomvi kuhusu dini, ukoloni na heshima ya mwanamke. Na anaelewa kwamba ukitaka kujua nani ana uwezo ndani ya wadi, tazama nani anabeba chombo na nani anangoja kiletwe. Wagonjwa wako pembeni muda mwingi wa hadithi, mpaka kiongozi wa mgomo mwenyewe anapougua na kurudishwa pale pale, safari hii amelala. Hapo Ogot anageuza kamera kwa dakika chache, na unaiona wadi kutoka kwenye mto wa kitanda.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, sijaona wengi walioendelea kutoka hapo alipoachia. Nafasi hiyo imechukuliwa na ushuhuda. Sina vita na ushuhuda, nimekaa kwenye viti vya plastiki nikaulilia. Lakini kama umbo la kusimulia, ushuhuda una ncha mbili bila katikati: nilikuwa ICU, madaktari walikata tamaa, leo nimesimama mbele yenu. Kanisa linapiga makofi. Yule aliyesimama hawezi kuongeza kwamba bado anaamka saa 9 usiku akisikia mashine, kwamba hajui tena kupiga hesabu za duka lake, kwamba miguu inatetemeka akipanda ngazi. Madaktari waliipa hali hiyo jina lake zaidi ya miaka kumi iliyopita, baada ya kuona kwamba udhaifu wa misuli, usahaulifu na jinamizi huwafuata wengi waliotoka ICU kwa miezi, hata miaka. Ushuhuda hauna mstari wa kuyaweka hayo. Ukiyasema unaonekana huna shukrani, kama vile umemwambia Mungu kazi yake haijakamilika.

Basi watu wananyamaza. Ndiyo maana nasema pengo hili lina gharama. Binamu yangu alidhani anarukwa na akili, na alidhani hivyo peke yake kwa muda mrefu, kwa sababu katika kila filamu aliyowahi kuona, mtu aliyefungua macho amepona.

Kwa wanaoandika, na najua mko wengi mnaosoma hapa: acheni kufungulia watu macho kwenye ukurasa wa mwisho. Fungueni macho ukurasa wa kwanza, kisha mtueleze korido. Tueleze mhudumu anayesukuma kitanda anaongea nini na mwenzake, na kwamba mgonjwa anaona dari tu. Tueleze mkono wa dada yake ukimwosha, na aibu ya wote wawili. Mtupe admini wa kundi akiwa amechoka, na jamaa wa kitanda cha tatu anayemfundisha mgeni namna ya kumwita nesi bila kumuudhi. Msiogope kwamba ni polepole. Rosen alitumia mistari michache kwa kila jambo na hakuna nililoruka.

Na kwa asiyeandika, mtu wako akitoka ICU, kabla ya kumwomba ushuhuda muulize usiku wake wa kwanza wadi ulikuwaje. Kisha kaa, hata kama jibu litachukua jioni nzima.